Dakika ya Sabini na Mbili

"Sikiliza hii," Bosi alisema, miguu juu ya meza, simu nusura iguse pua. "'Huyu binti wa fundi saa anajiona nani? Mtoto wa jaji kapiga magoti mpaka suruali imechafuka, yeye anamhutubia. Kaka nyanyuka, nenda zako, wanawake wamejaa.' Waliopenda maoni hayo, elfu moja na mia mbili. Kasuku, tumetoboa."

Kasuku alikuwa amesimama katikati ya kile chumba chao cha kurekodia, chenye magodoro manne yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za barabarani zisiingie kwenye kipaza sauti. Alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake. Ulikuwa wa Fundi, mwanamke aliyemwacha siku arobaini na moja zilizopita na tangu hapo hakumwandikia hata nukta.

"Nimefika dakika ya sabini na mbili. Yale ni maneno yangu. Futa hiyo filamu sasa hivi. Mama ameshaanza kuitazama."

"Na huyu je," Bosi akaendelea, anacheka peke yake. "'Hivi hiyo mimba imetoka wapi? Nilisoma hicho kitabu shuleni, hakuna mimba.' Mwenzake anamjibu, 'Wewe ulisoma cha watoto, waliikata.' Wamegombana hapo ukurasa mzima. Waache wagombane. Wakigombana wanaitana."

Sasa ili ujue moto ulianzia wapi, jua kwanza kazi ya Kasuku. Kazi yake ilikuwa kuzisemea filamu za nje kwa Kiswahili. Anakaa na kipaza sauti, filamu inatembea, yeye anamsemea mwanaume, mwanamke, bibi kizee, mtoto, hata farasi ikibidi. Watu walimpa jina la Kasuku na walimpenda kufa. Waliamini anakijua Kiingereza kuliko wenyewe. Ukweli ni kwamba aliacha shule mapema, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha salamu na cha matusi.

Aliyekijua ni Fundi. Mchana anashona nguo na mama yake kwenye duka lao, mama akipiga pasi. Jioni akishafunga cherehani, anakaa na Kasuku, anatazama filamu kipande kwa kipande, anaandika kwenye daftari: huyu anasema hivi, yule anajibu hivi. Asubuhi Kasuku anachukua daftari, anatia chumvi na pilipili zake, watu wanashangilia. Miaka mitatu ilikwenda hivyo, na jina la Fundi halikutajwa hata siku moja.

Hii filamu ya safari hii ilikuwa ya Fundi hasa. Filamu ya zamani, ya magari ya farasi na magauni ya kuburuta, imetolewa kwenye kitabu cha kale alichokisoma mara nne mpaka jalada likabanduka. Binti wa fundi saa anapendwa na mtoto wa jaji, kijana mwenye kiburi cha kutosha kujaza ghala. Fundi aliandika mpaka pale kijana anapopanda ngazi za marumaru na kupiga magoti. Hapo daftari likaishia. Siku hiyo ndiyo waligombana, akafunga mfuko wake, akaondoka.

Kasuku akabaki na binti wa watu juu ya ngazi, anafungua mdomo, anaongea dakika nne mfululizo, na yeye haelewi hata neno. Wiki zikapita, na mwishowe filamu ikatakiwa Ijumaa. Basi akafanya alichofanya. Kila alichoambiwa na Fundi siku ile ya kuondoka, akakichukua mzima mzima na kukitia kinywani mwa binti wa fundi saa. Alibadilisha kitu kimoja tu: pale Fundi aliposema alimpigia simu mara kumi na moja, yeye aliweka barua kumi na moja.

Alitoka kwenye korido, akapiga. Ikaita mara mbili.

"Umeshafuta?"

"Fundi, habari za..."

"Nimekuuliza umeshafuta?"

"Nisikilize kwanza. Hakuna anayejua kwamba ni wewe. Watu wanamwona binti wa kwenye filamu."

"Mama atajua."

"Atajuaje?"

"Kwa sababu mama yangu siyo watu. Mwezi wa pili nilimwambia nina homa ya matumbo. Wewe umemsimamisha binti kwenye ngazi anasema, 'Nilipoteza mtoto wetu peke yangu, nikamdanganya mama kwamba ni homa ya matumbo, akanichemshia dawa nikainywa huku nalia.' Dawa ile alichemsha mama. Unadhani ameisahau sufuria yake?"

"Yuko dakika ya ngapi?"

"Ya thelathini na kitu. Anapiga pasi mashati, simu kaiegemeza kwenye kopo la wanga. Mteja akija anaisimamisha, akiondoka anaendelea. Tena anakusifia. Anasema leo Kasuku wetu ana uchungu wa kweli, mpaka unaingia."

"Mnyang'anye simu."

"Nimwambie nini? Mama lete simu, kuna siri yangu humo?"

"Mwambie chaji imeisha."

"Kasuku." Sauti yake ilishuka, na ikishuka hivyo ndiyo mbaya. "Wewe ndiye uliyeweka, wewe ndiye wa kutoa. Ukurasa umefunguliwa kwa namba yako. Ni kubonyeza mara mbili. Tangu niondoke sijakuomba kitu. Leo nakuomba."

"Sawa. Nipe dakika tano."

Kubonyeza mara mbili hakuchukui dakika tano. Yeye alijua, na Fundi alijua. Simu ikakatwa.

Alisimama pale koridoni, kidole juu ya neno Futa. Chini yake kuna namba: watazamaji laki mbili na elfu arobaini. Filamu yake iliyowahi kutazamwa sana haikufika elfu ishirini. Kidole kikawa kizito kama nyundo. Akarudi ndani.

"Bosi, hii filamu tuishushe kidogo. Nirekebishe dakika nne tu, kesho naipandisha."

Bosi akateremsha miguu mezani. "Dakika nne zipi?"

"Za kwenye ngazi."

"Hizo dakika nne ndizo filamu yenyewe. Kwingine kote ni watu wanakunywa chai na kuinamiana."

"Siyo ya kwenye kitabu ile."

"Kitabu kimepata watazamaji wangapi?"

"Bosi, nakuambia kuna mtu ataumia."

"Nani? Yule mwigizaji? Huyo yuko kwake ng'ambo, hata Kiswahili hajui." Akamtazama vizuri. "Kasuku, usiniletee mambo. Ukiifuta hiyo, bandua na magodoro uondoke nayo. Mimi sifanyi kazi na mtu anayechoma nyumba siku ya kuhamia."

Kasuku akakaa kwenye kiti chake, akafungua maoni, labda apate la kumtuliza. Alikuta elfu tatu na mia sita.

Aliyejiita Mwalimu Mstaafu aliandika: "Nimefundisha kitabu hiki miaka kumi na tisa. Katika sura hii binti anamkataa kijana kwa sababu ya kiburi chake. Hakuna mtoto wala homa. Mtafsiri ametunga."

Chini yake watu sitini walimwambia mwalimu akapumzike.

Aliyejiita Mama Mapacha aliandika: "Mimi nimepoteza wawili kabla ya hawa. Huyu dada anasema kweli tupu. Mwanaume asiyefika hospitali hata akipiga magoti mpaka yachubuke, apite hivi."

"Magauni mazuri ila mwanamke ana gubu."

"Mnamtetea wa nini? Siri ya kitandani unaitangaza kwenye ngazi, wajakazi wanasikia?"

Halafu ikaja moja, ya mtu asiye hata na picha: "Mtoto alichungulia akaona mama mwenyewe ndiyo huyu, akageuza njia." Na watu mia nane wameweka alama za kicheko.

Kasuku alisoma mara moja. Akarudia. Unajua mtu akishajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, badala ya kutoka kwenye sufuria anaongeza kuni. Akili yake ilimwambia: mtetee Fundi. Simama useme ukweli, wanyamaze. Haikumwambia: futa. Akashuka ngazi mbili mbili, akatoka nje, akaegemea ukuta wa duka la vioo, akawasha kamera kwenye ukurasa, mubashara.

"Jamani, ni mimi Kasuku. Ninyi mnaomtukana yule binti, acheni. Yale maneno siyo ya filamu. Kiingereza mimi sikijui, sikilizeni vizuri, sikijui. Aliyekuwa anaelewa ni mwanamke wangu, na yale ya kwenye ngazi ni yake, aliniambia mimi, siku anaondoka. Mtoto alikuwa wangu. Kwa hiyo mkitaka kutukana, nitukaneni mimi."

Ndani yake, tuseme kweli, alijiona mwanaume. Watu elfu mbili wakaingia. Wakawa elfu tano. Wakafika elfu tisa. Maoni yakaanza kupanda haraka kuliko macho.

"Kumbe ni kweli jamani."

"Miaka yote unatudanganya. Rudisha muda wetu."

"Mtaje jina."

"Weka picha tumwone."

"Mimi namjua. Ni yule mshona nguo, mama yake anapiga pasi. Mrembo kweli, ila mkavu."

"Duka liko wapi tukampe pole?"

Simu ikaita katikati ya hayo yote. Fundi. Kasuku akazima kamera, akapokea.

"Umeona? Nimewaambia," alisema, pumzi zinampaa. "Nimesema ukweli wote. Hawatakutukana tena."

"Walikuwa wanamtukana mwanamke wa kwenye kioo, mwenye gauni la hariri. Sasa wananitukana mimi."

"Hapana, nilitaka..."

"Ulitaka nini? Siku arobaini na moja, duka letu hujalisahau njia. Hujaja kuniambia samahani hata ya uongo. Umeenda kuwaambia watu elfu tisa usiowajua. Umenifanya filamu, Kasuku. Mara ya kwanza ulikosa la kusema, nikaelewa. Leo umenifanya filamu mara ya pili, na safari hii umeniwekea na anwani."

"Mama yuko dakika ya ngapi?"

Nyuma ya Fundi cherehani haikulia, wala redio.

"Mama ameweka pasi chini," alisema, akakata.

Kasuku alibaki amesimama, simu sikioni, anasikiliza hewa. Watu walipita na mizigo yao. Jamaa mmoja alimtazama mara mbili, akamwambia mwenzake, "Si ndiye yule?" Ndipo akafungua ukurasa. Filamu, akabonyeza mara mbili. Ile ya mubashara, mara mbili. Halafu akaenda mpaka chini kabisa, kwenye kufuta ukurasa wote, miaka mitatu ya kazi, na hapo aliulizwa kama ana uhakika. Akabonyeza. Hakukuchukua hata pumzi moja. Uchungu wake ulikuwa huo: ilikuwa rahisi tangu mwanzo.

Ujumbe wa Bosi ulimkuta akiwa anakimbia. "Umefanya nini wewe? Usikanyage hapa."

Alikimbia barabara nzima ya wauza vipuri, akakata kwa kinyozi, akapita nyuma ya shule. Kichwani alikuwa anatunga. Ataanza na samahani, kisha atasema la moyo, kisha la kesho. Kila alichokitunga kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilinuka filamu.

Duka lilikuwa wazi. Fundi alikuwa nyuma ya cherehani, mikono mapajani, kitambaa cha buluu kimekwama chini ya sindano. Hakunyanyua uso. Mama alikuwa amekaa juu ya rundo la nguo za wateja, kitu asichokifanya kamwe, na simu yake imelala kifudifudi. Juu ya meza ya pasi kulikuwa na shati jeupe, na kifuani pake alama ya pasi, kahawia, nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Akasimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Miaka ishirini na mbili napiga pasi," mama alisema, taratibu. "Sijawahi kuunguza nguo ya mtu. Leo nimeunguza. Unajua nilikuwa wapi kwenye hiyo filamu yako?"

"Dakika ya sabini na mbili."

"Dakika mimi sizijui. Nilikuwa kwenye dawa. Aliposema mama akanichemshia dawa, nikasema mbona huyu ni mimi. Nikamwangalia mwanangu. Nikaona sura yake. Pasi nimeisahau mkononi." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mtoto ametoka kupoteza mtoto, mimi namsimamia na kikombe, namwambia maliza, usinitegee. Nikampigia kelele kwamba anadeka."

"Mama, hukujua," Fundi alisema.

"Sikujua kwa sababu mlinificha. Tutaongea mimi na wewe, usidhani umepona." Akamgeukia Kasuku. "Na wewe, baba. Humu umekula, umelala kwenye hilo benchi, nimekufulia mpaka soksi. Si kusema ndiyo kazi yako? Haya, sema."

Kasuku akavuta pumzi. Kifua kikajaa, mabega yakapanda, sauti ikatoka nzito na laini, ile iliyowaliza wanawake wa nchi nzima. "Mpenzi wangu, moyo wangu tangu siku ile haujawahi kupata..."

"Hiyo ni sauti ya mtoto wa jaji," Fundi alisema.

Akakohoa. Akaanza tena. "Nilichotaka kusema, maisha ni safari, na mimi na wewe..."

"Na hiyo ni ya yule padri mlevi kwenye ile ya vita. Ninazijua zote, mimi ndiye niliyekuandikia. Yako ikoje?"

Mama alitikisa kichwa, akasema kwa chini, "Kasuku katolewa kwenye tundu, kimya."

Fundi akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Basi nijibu swali moja, ni rahisi. Siku ile nimelazwa, nakupigia hupokei, uliniambia ulikuwa unarekodi. Ulikuwa unasemea filamu gani?"

Kasuku akaangalia sakafu. Vipande vya uzi vya rangi zote, na pini mbili.

"Filamu gani?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Sikuwa studio." Sauti ilimtoka nyembamba, imekwaruzika, ya kijana tu. "Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Hospitali. Nilifika. Wewe ulikuwa umegeukia ukuta."

"Hayo nilikuambia mwenyewe."

"Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mnene. Alikuwa anakulisha supu kwa kijiko. Ukawa unaitema, inamwagikia nguo yake, na yeye hasemi kitu, anajifuta tu anakupa kingine. Alikuwa anakuita mdogo wangu."

Fundi akaganda. Hilo la supu hakumwambia mtu. Hata mama alimwangalia, akaona kwamba ni kweli.

"Ulikuwa wapi?" Fundi aliuliza, polepole sana.

"Mlangoni."

"Mlangoni. Mbali kiasi gani?"

"Hatua saba."

"Ulizihesabu?"

"Nilisimama muda mrefu."

Fundi akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota. "Hatua saba. Mimi nalia nakutafuta kwenye simu, na wewe uko hatua saba, na simu yako ipo mfukoni inaita. Bora ungekuwa studio."

"Najua. Ndiyo maana nilisema nilikuwa studio."

"Kwa nini hukuingia?"

"Sikuwa na la kusema." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kila ninachosema mimi, kuna mtu kaniandikia. Unaniandikia wewe. Pale hapakuwa na daftari. Nikasema ngoja nifikirie la kumwambia, likija naingia. Halikuja. Nesi akanifukuza, akasema naziba njia. Nikaondoka. Nilitembea mpaka kule kwenye machinjio nikakaa na mbwa. Na yule mtoto sijamlilia. Naona haya. Nitamlilia vipi na sikuwepo."

Hayakuwa maneno mazuri. Hayakuwa na mpangilio, na mengine yalimezwa na makamasi. Mama alikuwa amejiandaa kumrushia maneno mengine, akayarudisha.

"Pale hospitali nani alikuambia useme?" alimuuliza, na safari hii hakuwa mkali. "Mgonjwa anataka mtu, baba. Hataki hotuba. Yule mama mnene alihutubia nini?"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Kasuku. Akaitoa, akaiona ni Bosi, akaizima kabisa, akaiweka juu ya meza ya pasi kama mtu anayesalimisha kisu.

Mama akajiinua, magoti yakalia. Akachukua shati lililoungua, akalikunja vizuri kana kwamba halina kitu. "Mimi naenda kwa mwenye shati nikamwambie ukweli kabla hajaja. Kunyamaza kumetosha kwenye nyumba hii." Alipofika kizingitini akamsukuma Kasuku kwa bega apite. "Na wewe toka mlangoni, wateja wataona tumefunga."

Akaenda. Wakabaki wawili, na pasi inayopoa.

Fundi alikuwa amempa mgongo, anaangalia ukuta wenye nyuzi zilizopangwa kwa rangi.

"Sijasema nimekusamehe," alisema.

"Sijauliza."

"Ukurasa umeufuta?"

"Wote."

"Na kazi?"

"Nimefukuzwa."

"Vizuri." Mabega yakaanza kumtetemeka, kidogo, kisha sana, yale machozi aliyoyashikilia asubuhi nzima, labda tangu mwezi wa pili. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sasa umesimama hapo unangoja nini? Nikuandikie?"

Kutoka kizingitini mpaka kwenye cherehani ni hatua nne. Kasuku alizitembea. Akaokota kiti, akamketisha, akachuchumaa pembeni yake kwenye vipande vya uzi, akaweka kiganja mgongoni kwake. Fundi hakukiondoa. Alilia kwa sauti, kilio kibaya, cha kukwama na kuanza upya, na mteja aliyekuja kuchukua suruali akachungulia, akarudi alikotoka.

Kasuku alikaa pale. Maneno yalimjia mengi, mazuri, yamepangika. Yote akayameza.